Kodi ya mwaka haikuambii mtu ni nani: ninavyochuja wapangaji kwenye nyumba yetu Mbagala

Jamani, nyie wenye nyumba za kupangisha hapa Dar, hasa sisi wa nyumba za kawaida, chumba kimoja, chumba na sebule, banda la uani, naomba leo niandike kwa kirefu kidogo maana haipiti wiki sijasikia mtu analia na mpangaji, na ukimuuliza ulimpataje huyo mtu anakwambia kaletwa na dalali, alikuwa na hela ya mwaka mzima mkononi. Basi. Hajui anatoka wapi, hajui anafanya kazi gani, hata jina halijui anamuita Baba Fulani tu.

Mimi nasimamia nyumba aliyotuachia mama yetu, ipo Mbagala, vyumba sita ndani na viwili uani, na huu ni mwaka wa 11 nakusanya kodi pale kwa niaba ya ndugu zangu. Sio nyumba ya kifahari ila ada za watoto wa marehemu kaka zinatoka pale, kwahiyo chumba kikikaa na mtu asiyelipa miezi minne mitano kuna mtoto anarudishwa nyumbani, ndo maana silichukulii hili jambo kiwepesi hata kidogo.

Mwaka wa pili tu tangu nianze nilipigwa na kitu kizito. Alikuja kijana na dalali mida ya saa moja jioni, giza limeshaingia, kakiangalia chumba cha uani dakika mbili hata bomba hajafungua, akatoa bahasha, akaanza kuhesabu pale pale juu ya ndoo iliyofunikwa, noti za elfu kumi mpya zinateleza, laki tisa na elfu sitini, kodi ya miezi 12 kwa elfu 80. Nikapokea nikampa funguo. Sikumuuliza kitu, niliona nikimuuliza nitamuudhi ataondoka na bahasha yake. Mwezi wa pili nimeenda pale nikakuta chumbani kuna mama na watoto wawili, namuuliza wewe nani, ananiambia mimi mpangaji, nimemlipa mwenye nyumba miezi sita, laki sita, akanitolea na karatasi ya mkataba imeandikwa kwa mkono. Bado tunaongea geti likagongwa, kirikuu imejaa kitanda, makochi na jiko la gesi, kijana na mkewe, nao wamelipa laki sita chumba hichohicho. Wiki iliyofuata akaja wa tatu. Yule kijana wa bahasha, aliyejifanya mwenye nyumba kwa wote watatu, namba yake haikupatikana tena mpaka leo. Ile laki tisa na sitini aliyonipa mimi ilikuwa mtaji wake, kaweka hiyo katoa milioni moja na laki nane kwa watu watatu ambao walikuwa wanatafuta pa kulala tu. Yule mama nilimuacha amalizie miezi aliyobakiza, ningemtoa aende wapi na watoto, lakini wale wawili wengine niliwaangalia wanaondoka na mizigo yao sina cha kuwapa na mpaka leo nikiiona kirikuu imepakia vitanda naikumbuka ile siku.

Ndo nikaelewa kitu ambacho naona wenye nyumba wengi hatukielewi. Tumezoea kudai miezi sita au mwaka tukidhani hiyo ndo kinga yetu, mtu akiwa na hela ya mkupuo basi ni mtu wa maana. Kodi ya miezi sita inakulinda miezi sita. Mwezi wa saba uko na binadamu, na huyo binadamu unatakiwa uwe umemjua KABLA hujapokea hela, kwasababu ukishapokea hata ukigundua jambo huna tena mdomo wa kusema.

Sasa nieleze navyofanya.

Kabla chumba hakijatangazwa nakaa na daftari naandika nyumba inaweza kubeba nini. Kwetu vyoo viwili, maji ya bomba yanakuja kwa mgao tunajaza simtanki, umeme vyumba vya ndani wanachangia mita moja ya LUKU wamefungiwa sabmita, yaani mita ndogo ya kila chumba. Kwahiyo chumba kimoja watu wasizidi watatu, hakuna kuchomelea vyuma, hakuna jiko la mkaa kwenye korido, na pikipiki zinalala ndani ya geti sio mlangoni kwa mtu. Hayo ni masharti ya nyumba na yanakuwa hayohayo kwa kila anayekuja, nisije nikamwambia huyu hivi na yule vile kwasababu nimempenda sura. Kuyaandika mapema kunasaidia sana maana mtu akija na hela huku wewe hujajipanga unaanza kulegeza, mara ooh watu watano sio wengi, kumbe choo ni kilekile.

Halafu dalali. Mimi sina ugomvi na madalali, wengi wanahangaika kwa jua na wanajua mtaa kuliko sisi, ila elewa kwamba yeye analipwa kodi ya mwezi mmoja na anayehamia, na siku akilipwa shughuli yake imeisha. Yako ndo inaanza. Kwahiyo usitegemee yeye akuchujie. Dalali wangu nimemwambia mambo matatu: mlete mtu mchana, funguo hushiki wewe, na usimuahidi mtu kwamba chumba ni chake mpaka mimi niseme. Mwanzoni alinuna, siku hizi ameshazoea na nadhani inamsaidia hata yeye, maana watu wanaotaka kuingia usiku usiku hawaleti tena kwangu.

Mtu akipiga simu simwambii njoo uone moja kwa moja. Naongea naye kwanza, kwa kawaida tu, sio kama polisi. Sasa hivi unakaa wapi? Umekaa hapo muda gani? Kwanini unahama? Mnakuja wangapi? Unafanya shughuli gani? Ungependa kuingia lini? Hayo maswali sita yanachukua dakika tano na yanakuokolea nauli. La kwanini unahama ndo nalisikiliza kwa makini, sio kwamba kuna jibu sahihi, watu wanahama kwa mambo mengi, nyumba imeuzwa, kodi imepanda, kazi imehamia upande mwingine wa mji, wameachana, mafuriko. Ninachosikiliza ni kama habari imesimama. Mtu akiniambia pale mwenye nyumba mkorofi, na pa kabla ya hapo mwenye nyumba alikuwa mkorofi, na kule kwingine wapangaji wenzake walikuwa wachawi, huyo nakuwa na wasiwasi naye. Na mtu akisema naingia leo leo nina hela cash, namuuliza kulikoni, taratibu. Mmoja aliniambia kweli kabisa kwamba wamepewa siku tatu na mwenye nyumba kwasababu nyumba imeuzwa na mnunuzi anataka kubomoa, nikaenda nikakuta kweli ukuta umeshachorwa X nyekundu. Huyo nilimpokea kesho yake na yupo mpaka leo. Haraka peke yake sio kosa, ila isikufanye uruke hatua.

Siku ya kuja kuona chumba iwe mchana na aje na atakayeishi naye. Mimi pale nafungua mlango nakaa pembeni namwacha azunguke. Angalia anauliza nini. Anayefungua bomba, anayeuliza umeme mnachangiaje na nani anatunza hela ya LUKU, anayeuliza taka zinachukuliwa siku gani, anayeuliza ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 inahesabiwaje kati yetu, huyo anawaza kuishi. Asiyeuliza kitu chochote zaidi ya bei, kama yule kijana wangu wa bahasha, ujiulize. Halafu angalia anavyowasalimia waliopo. Mama wa chumba cha mbele ana mwaka wa tisa kwetu, na mtu akiondoka mimi namuuliza mama, umemuonaje? Yeye ndo atakayelala ukuta mmoja na huyo mgeni sio mimi, na ameshaniokoa zaidi ya mara moja, mara moja alimtambua mtu aliyekuwa anadaiwa na kikoba cha mtaa wa pili.

Nikiona tunaendana ndo nakuja kwenye kitambulisho. Naomba cha NIDA, na wengi kadi hawana wana namba tu, sio tatizo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka mwezi siku, kwahiyo mtu akikupa namba inayoanza 1991 halafu usoni ni mtoto wa juzi, hapo uliza. Kuna kitu kingine kidogo ambacho hakina gharama na watu hawakitumii. Namwambia naomba namba yako ya simu, nakurushia elfu moja hapa tuone kama ndo yenyewe. Nikiingiza namba kwenye simu, kabla sijathibitisha linakuja jina la aliyesajili laini. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwahiyo jina lile lifanane na la kitambulisho. Lisipofanana usimrukie mtu, wapo wanaotumia laini ya mke au ya dada yake, muulize tu, lakini asikupe namba nne zote zina majina ya watu wengine hata mmoja hamjui.

Kitambulisho chenyewe mrudishie. Kuna wenye nyumba wanashikilia kadi ya mtu kama rehani, hilo sio sawa, mtu anakihitaji benki, hospitali, kila mahali. Piga kopi weka kwenye faili kabatini. Na tafadhali sana, kopi za watu msizirushe kwenye magrupu ya whatsapp eti "jihadharini na huyu", kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na inatuhusu hata sisi, lakini hata isingekuwepo sheria, ile ni siri ya mtu amekupa kwa kukuamini ili apate pa kulala.

Sasa nakuja kwenye hatua ambayo ukiniambia uchague moja tu uache zingine zote nitakwambia hii. NENDA ANAKOKAA SASA HIVI. Usipige simu tu, nenda kwa miguu yako. Namwambia mtu mapema kabisa, mimi utaratibu wangu nafika unapokaa, nitaongea na mwenye nyumba wako, una shida? Wengine hapohapo wanapotea, simu haipokelewi tena, na hiyo nayo ni jibu, imenigharimu maneno tu.

Lakini kuna kitu cha kuangalia. Mwenye nyumba wa sasa anaweza kukudanganya. Kama mpangaji wake ni msumbufu na anatamani aondoke hata kesho, atamsifia mbele yako mpaka ushangae. Nilishapewa sifa hizo, kijana mzuri, mpole, anasali, kumbe anadaiwa miezi mitano na walikuwa wameshaitana mpaka serikali ya mtaa. Kwahiyo mimi naomba mwenye nyumba wa sasa NA wa kabla ya hapo. Yule wa kabla hana cha kupata wala kupoteza, atasema ukweli. Na usiulize "ni mtu mzuri?", kila mtu atakujibu ni mzuri, sisi ni waungwana hatupendi kumharibia mtu. Uliza vitu vinavyohesabika. Alikaa kuanzia lini mpaka lini? Kodi alikuwa analipa tarehe ngapi, mlikuwa mnamkumbusha? Waliishi wangapi mle ndani? Alipohama aliacha deni la LUKU au la maji? Alitoa notisi? Na mwishoni, ukipata chumba kesho utampangisha tena? Hilo la mwisho usitoe macho usoni mwake wakati anajibu.

Nikupe mfano mmoja. Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na fundi cherehani anataka chumba na sebule, yuko na mke na mtoto mmoja. Dalali hakumtaka, anasema hela yake ya kuungaunga, ana miezi mitatu tu, kuna jamaa mwingine ana mwaka. Nikaenda Tandika alikokuwa anakaa zamani. Nikamkuta bibi mmoja kakaa kwenye mkeka uani anachambua mchele. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, karibu, kaa. Nikamweleza shida yangu. Bibi hata hakuacha kuchambua, akasema huyo alikaa hapa miaka minne, ule mlango wa choo unaouona aliuweka yeye kwa hela yake akaja akaniambia bibi nimekukata kodi elfu ishirini na hii risiti ya mbao. Akanyamaza kidogo, akachukua chuya akatupa, akasema kuna mwezi mkewe alilazwa hakuwa na kodi, alikuja mwenyewe kabla ya tarehe, akasema bibi mwezi huu sina, nitakupa tarehe 15. Tarehe 15 akaleta. Mimi hapo sikuhitaji kusikia kitu kingine. Nilirudi nikamwambia dalali mwite fundi. Na yule jamaa wa mwaka mzima nilikuja kusikia alipanga nyumba ya mtaa wa chini na walishindwana miezi minane baadaye.

Umeona alichoniambia yule bibi? Hakuniambia fundi hajawahi kuchelewa. Kachelewa. Kila mtu anachelewa, maisha ya Dar haya, mtu anafukuzwa kazi, anauguliwa, anafiwa anasafiri. Unachotafuta ni mtu anayekuja mwenyewe kukuambia kabla ya tarehe. Mtu wa hivyo mtaishi naye hata akipitia shida, na mtu anayezima simu tarehe ya kodi hata awe na mshahara wa milioni mbili atakusumbua.

Kuhusu kipato, mimi napiga hesabu ya kawaida, kodi isizidi theluthi ya anachoingiza kwa mwezi. Mtu anaingiza laki tatu, chumba cha laki moja anakiweza kwa shida, cha laki na nusu atashindwa tu hata awe mwaminifu vipi, na ukimpangisha unamuweka kwenye matatizo yeye na wewe. Aliyeajiriwa ni rahisi, anakuonyesha salary slip au barua ya kazi na ukitaka unapiga simu ya ofisini kwao, ile ya ofisi sio namba aliyokupa yeye ya "bosi". Kwa waliojiajiri ambao ndo wengi kwetu, bodaboda, mama ntilie, machinga, mafundi, salary slip atoe wapi, naenda kwenye kijiwe chake. Fundi nilipeleka sketi ya shule ipunguzwe, nikakaa kwenye benchi nusu saa nikaona wateja wanaingia wanatoka. Mama anayeuza chapati nilienda kununua asubuhi nikakuta foleni. Na nauliza kama yupo kwenye kikoba au mchezo, maana mtu anayeweka kila wiki na wenzake na hajawahi kukimbia zamu, huyo ameshachujwa na watu 20 kabla yangu. Nikiongea na mwenyekiti wao dakika tano napata picha kuliko karatasi yoyote.

Na kwa hawa wa kipato cha kila siku, fikiria kupokea kodi kwa mwezi au miezi mitatu badala ya kumlazimisha sita. Najua wengi mtanipinga hapa. Lakini ukimlazimisha mama chapati atoe laki sita kwa mkupuo ataenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, halafu mtaji wa unga unaisha, halafu kodi ya awamu ya pili haipo kabisa. Umemuua wewe mwenyewe.

Kuna maswali ambayo siulizi na naomba na nyie muache. Kabila gani. Dini gani. Na hili la wasichana, umeolewa? mbona unakaa peke yako? wanaume wataingia? Jamani. Nimepangisha mabinti watatu kwa nyakati tofauti ambao walikuwa wamekataliwa nyumba nyingine kisa hawajaolewa, mmoja nesi, mmoja anafanya Kariakoo kwenye duka la vitambaa, mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo, hakuna hata mmoja aliyewahi kunichelewesha kodi bila taarifa. Na akina mama wenye watoto wanakataliwa eti watoto watachafua ukuta. Ukuta unapigwa rangi. Nimehangaika na mpangaji mwenye ndoa ya kanisani na suti kila Jumapili aliyeunganisha umeme nje ya sabmita miezi saba wenzake wanamlipia. Kabila na ndoa havikuambii kama mtu atalipa, yule bibi wa Tandika ndo atakwambia.

Ukishampata, usimalize kienyeji. Mkataba uandikwe, kwa Kiswahili ambacho wote mnakielewa, majina kamili, kodi kiasi gani na inalipwa lini, nani analipa maji, LUKU inachangiwaje, watu wangapi wataishi, haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine (mimi hiyo naiandika kwa herufi kubwa na mnajua kwanini), notisi ya kuhama muda gani kwa pande zote mbili. Kila mmoja awe na shahidi na kila mmoja abaki na nakala. Sisi tunaenda kusainia ofisi ya serikali ya mtaa, na mpangaji anatambulishwa kwa mjumbe hapohapo. Mtu mwenye nia mbaya hapendi kabisa kufika pale, na mtu mwema inamsaidia, siku akitaka barua ya utambulisho ya benki au ya kazi anajulikana. Andika na ndugu mmoja wa karibu wa mpangaji na namba yake, sio kwa ubaya, siku akiugua usiku wapangaji wenzake wampigie nani?

Hela usipokee mkononi kama unaweza, ipite kwenye simu au benki ili ibaki kumbukumbu, na usiamini meseji ya muamala aliyokuonyesha yeye, wala iliyoingia kwako kabla hujaangalia salio lako mwenyewe. Meseji zinatengenezwa. Kisha mzunguke chumba wote wawili mpige picha, kitasa, vioo, swichi, sinki, na namba zilizopo kwenye sabmita siku hiyo. Baada ya yote hayo ndo funguo.

Mtaniambia hii ni kazi nyingi kwa chumba cha elfu 80. Basi fikirieni kazi ya upande wa pili. Mpangaji akigoma kulipa huwezi kwenda kumfungia kufuli au kumtolea vyombo nje, wengi wanafanya na ndo hapo kesi inakugeukia wewe. Utaanza serikali ya mtaa mkae mzungumze, ikishindikana baraza la kata ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu halitoi hukumu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ni tarehe, nauli, kuahirishwa, huku yeye amelala ndani yako bure. Mimi nimepita njia hiyo mara moja, ilinichukua zaidi ya mwaka. Siku mbili za kwenda Tandika na kurudi ni kidogo sana.

La mwisho ni namna ya kumkataa mtu. Wengi tunawazungusha, "nitakupigia", hatupigi, mtu anaacha vyumba vingine anakusubiri wewe. Mpigie siku hiyohiyo, mwambie chumba nimempa mwenzako, pole, endelea kutafuta. Na usikubali "advansi ya kushikilia chumba" kutoka kwa watu watatu huku hujaamua, ile ni hela ya mtu ya kuhamia, ukiikalia wiki unamkwamisha. Kama ulipokea na umemkataa, rudisha yote leo.

Sasa hivi chumba cha uani kipo wazi tangu tarehe moja, kilekile cha yule kijana wa bahasha, kimeshapigwa rangi na kitasa nimebadilisha. Wamekuja wanne, wawili wameishia kwenye simu, mmoja mama wa chumba cha mbele ametikisa kichwa. Amebaki dereva bajaji na mkewe mjamzito, wanakaa Buza, hela wanayo ya miezi mitatu. Kesho asubuhi napanda daladala naenda Buza kumuona mwenye nyumba wao, mchana napita Yombo kwa yule wa kabla.